Anzia Mwisho: Tathmini ya Ziara Mbili za Ostia Antica

Nimekwenda Ostia Antica, magofu ya mji wa kale wa bandari wa Kirumi karibu na Roma, mara mbili, na katika hizo ni moja tu ninayoweza kuiita ziara. Mara ya kwanza, mwezi wa Julai, nilifika langoni karibu saa 5 asubuhi bila ramani, bila kofia, na bila wazo lolote la ukubwa wa mahali penyewe. Nilifuata barabara kuu, nikasimama mbele ya kila ukuta uliokuwa na kibao, na nilipofika kwenye ukumbi wa maonyesho jua lilikuwa utosini na miguu ilikuwa imegoma. Nilirudi Roma nikiamini kwamba nimeuona mji, kumbe nilikuwa nimeishia barazani. Mara ya pili, mwishoni mwa Oktoba, nilikaa humo kwa muda wa saa 7 na nikatoka nikiwa bado na hamu. Magofu yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni jinsi nilivyojiandaa, na ndiyo maana tathmini hii itashughulika na mpango wa safari kuliko kusifu uzuri wa mahali.

Niseme mapema ninavyopapima. Kwa mtu anayetaka kuelewa jinsi watu wa kawaida wa dola ya Kirumi walivyoishi, yaani walikolala, walikosagia ngano, walikokunywa mvinyo na hata walikokwenda haja, sijaona mahali karibu na Roma panapopashinda hapa. Kwa mtu anayetaka jengo moja kubwa la kupigia picha kisha aondoke, Colosseum inamtosha na hana sababu ya kupanda treni. Wengi huilinganisha Ostia na Pompeii, na ulinganisho huo una faida ya kuonyesha kwamba miji hii miwili ilikufa vifo tofauti kabisa. Pompeii ilifunikwa na majivu ya volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK. Ostia haikuuawa na janga moja. Ilidhoofika pole pole kwa karne kadhaa, biashara ikihamia bandari jirani ya Portus, mchanga ukijaza mdomo wa mto Tiber, malaria ikiwaandama waliobaki, na marumaru zake zikibebwa kwenda kujengea makanisa ya kwingineko. Kwa hiyo hapa hutakuta miili ya watu waliokufa wakikimbia. Utakuta kuta za matofali za nyumba za ghorofa, ambazo zilijengwa kwa wingi katika karne ya 2, wakati Pompeii ilikuwa imekwisha kuzikwa.

Mambo machache ya historia yanafaa kujulikana kabla ya kununua tiketi, kwani bila hayo utaona matofali na nyasi tu. Jina la mji linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya mdomo, kwa kuwa ulikaa pale Tiber ilipoingia baharini. Mapokeo ya Warumi yalimtaja mfalme Ancus Marcius kuwa mwanzilishi wake, ingawa ngome iliyofukuliwa katikati ya mji ni ya karne ya 4 KK. Roma ya makaizari ilikuwa kubwa mno kujilisha yenyewe, na ngano yake ilisafirishwa kwa merikebu kutoka Misri na Afrika ya Kaskazini. Kaizari Claudius alianza kujenga bandari mpya, ndiyo hiyo Portus, kaskazini ya mto mwaka 42 BK, na kaizari Trajan baadaye akaiongezea bwawa la pembe sita, lakini mabaharia, wapimaji wa nafaka, makarani na wachukuzi waliendelea kuishi Ostia. Kisha gharika ya mwaka 1557 ikauhamisha mto kutoka ukingo wa mji, na pwani nayo imesogea mbali kwa kilomita kadhaa. Mgeni asiyeyajua haya hutembea katika mji wa bandari akijiuliza maji yako wapi. Mimi nilijiuliza hivyo mwezi wa Julai, na nikaona haya kumwuliza mtu.

Safari kutoka Roma haihitaji gari wala dereva. Unashuka katika kituo cha Piramide cha metro, mstari wa B, unatembea hadi kituo jirani cha Porta San Paolo, na hapo unapanda treni iendayo pwani. Baada ya nusu saa hivi unashuka katika kituo kinachoitwa Ostia Antica. Usikichanganye na vituo vya Lido vinavyofuata, ambavyo ni vya mji wa pwani wa siku hizi; majina yote yana neno Ostia na kosa hilo ni rahisi kulifanya. Tiketi ni ile ya kawaida ya usafiri wa mjini inayodumu dakika 100, nami niliinunua kwa euro 1.50. Ukitoka kituoni unavuka barabara kuu kwa daraja la waendao kwa miguu, unanyoosha mbele, na kwa mwendo wa dakika chache unafika langoni. La kuangalia ni migomo ya usafiri, ambayo nchini Italia hutangazwa siku kadhaa kabla. Anayepanga siku moja tu ya Ostia na asichungulie matangazo hayo anajitakia shida. Na ukiwa na dakika 5 za ziada pale Piramide, toka nje uitazame piramidi iliyokipa kituo jina lake: ni kaburi la Gaius Cestius, tajiri wa Kirumi wa karne ya 1 KK.

Eneo la magofu hufungwa kila Jumatatu, na pia tarehe 25 Desemba na 1 Januari. Milango hufunguliwa saa 2:30 asubuhi. Saa ya kufunga hufuata majira, na wakati wa baridi hufika mapema alasiri, nao mgeni wa mwisho huruhusiwa kuingia saa moja kabla ya kufungwa. Nililipa euro 18, bei ambayo naiona ya haki kwa aliye na siku nzima na ghali kwa aliye na saa mbili. Walio chini ya miaka 18 huingia bure, wawe raia wa nchi yoyote, na vijana wa Umoja wa Ulaya wenye umri wa miaka 18 hadi 25 hulipa euro 2. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kiingilio ni bure kwa wote. Mimi ningeiepuka siku hiyo, kwa kuwa utulivu ndio bidhaa bora inayouzwa hapa na siku ya bure utulivu huo haupatikani.

Kuhusu matembezi ya kuongozwa, nina neno la tahadhari. Kabla ya ziara ya pili nililipia nafasi katika kundi la kampuni moja inayouza safari mtandaoni, ambayo sitaitaja, kwa sababu tangazo lake liliahidi “mji mzima wa kale”. Nilipoandika kuuliza njia tutakayopita, nilijibiwa kwamba matembezi ni ya muda wa saa 2 na yanaishia kwenye Forum, yaani uwanja mkuu wa katikati ya mji. Nilighairi, na fedha zilizorudi hazikuwa zote. Kiongozi mzuri ana thamani kubwa katika mahali kama hapa, ambapo vibao vya maelezo ni vifupi na ukuta mmoja hufanana na mwingine, lakini kabla ya kulipa uliza swali moja: mnaishia wapi? Wakikujibu kwamba wanaishia Forum, ujue umenunua nusu.

Na hapa nafika kwenye shauri ambalo kwangu lilibadilisha kila kitu. Barabara kuu, Decumanus Maximus, inaanza kwenye lango la Porta Romana na kuendelea kwa zaidi ya kilomita moja hadi Porta Marina, lango lililotazama bahari. Karibu kila mgeni huanza kuchunguza pale anapoingia, humaliza nguvu katika theluthi ya kwanza, kisha hugeuza. Fanya kinyume. Ingia saa 2:30, tembea moja kwa moja bila kusimama, hata kama kila kitu kinakuita, mpaka mwisho wa mji, halafu uanze kutazama ukiwa unarudi. Mwendo huo hauzidi nusu saa. Faida yake ni kwamba unaanza na sehemu zisizo na watu ukiwa na nguvu, na kadiri unavyochoka ndivyo unavyolikaribia lango la kutokea. Makundi yanayojaa kwenye ukumbi wa maonyesho asubuhi yatakuwa yameondoka utakapofika huko alasiri.

Nje kidogo ya Porta Marina kuna sinagogi iliyogunduliwa mwaka 1961, wakati wa ujenzi wa barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Fiumicino. Baadhi ya wataalamu wanaurudisha mwanzo wa jengo hilo hadi karne ya 1 BK, jambo linaloifanya itajwe miongoni mwa sinagogi kongwe zaidi za Ulaya. Mengi yanayoonekana leo ni ya matengenezo ya karne ya 4. Kuna nguzo ndefu za marumaru, na mahali palipowekwa sanduku la Torati pana mawe yaliyochongwa taa ya matawi saba. Nilikaa pale karibu nusu saa peke yangu, nikisikia ndege zikiruka kutoka Fiumicino. Mwezi wa Julai nisingepafika hata kwa kulipwa.

Kurudi kutoka huko, usibaki kwenye barabara kuu. Chukua njia za upande wa kaskazini-magharibi. Katika hamamu ya Wahenga Saba kuna sakafu ya duara yenye mozaiki, yaani mchoro uliopangwa kwa vijiwe, ya wawindaji, na chumba ambacho ukutani wamechorwa wahenga wa Kiyunani, Solon na Thales wakiwamo, kila mmoja akiwa na nasaha iliyoandikwa kwa Kilatini kuhusu namna ya kwenda haja kubwa vizuri. Mzaha huo una umri wa takribani miaka 1,900 na bado unamchekesha mtu. Si mbali na hapo iko nyumba ya Cupid na Psyche, wapendanao wa hadithi za kale, makazi ya tajiri wa karne ya 4 yenye sakafu ya marumaru za rangi. Sanamu ya wapendanao hao inayoonekana mle ni nakala. Ukiwa karibu, tafuta pia ghala la Epagathus na Epaphroditus. Majina ya wenye mali hao, ambao huenda walikuwa watumwa waliopata uhuru wao, yangali yanasomeka juu ya lango la matofali, na ni lango zuri kuliko la mahekalu mengi. Tambua kwamba baadhi ya nyumba zenye michoro ya ukutani hufunguliwa kwa siku maalumu tu, hivyo asiyependa kukuta kamba mlangoni aangalie ratiba kabla ya kuondoka Roma.

Forum yenyewe sitaikalia sana. Hekalu kuu, Capitolium, lilijengwa wakati wa kaizari Hadrian na kuta zake za matofali bado ni ndefu, lakini zimevuliwa marumaru zote na zinahitaji mtu mwenye uwezo wa kujenga upya kichwani. Nilichofurahia zaidi ni choo cha umma kilicho karibu, chenye viti 20 vya marumaru vilivyopangwa ukutani bila kizuizi chochote kati ya kimoja na kingine. Kila mgeni hucheka hapo, kisha hunyamaza na kuanza kuhesabu matundu.

Kutoka Forum, mtaa wa Diana ndio unaonyesha mji kuliko jengo lolote la serikali. Kuna nyumba ya ghorofa yenye maduka chini na ngazi za kupandia juu, na mbele yake kidogo kuna duka la vinywaji na vyakula lenye meza ya marumaru mlangoni, rafu za kupangia vyombo, na mchoro wa ukutani unaoonyesha vyakula vilivyouzwa, na nyuma yake ua mdogo wa kukaa. Mita chache kutoka hapo ni kiwanda cha kusagia, chenye mawe makubwa ya volkano yaliyozungushwa na wanyama. Ngano iliyovuka bahari ilisagwa hapa, ikaokwa hapa, ikaliwa na watu walioishi ghorofani juu ya maduka hayo. Anayesimama kwenye mtaa huu kwa robo saa bila kupiga picha ataelewa Ostia kuliko aliyesoma vibao vyote.

Kisha ufike kwenye ukumbi wa maonyesho. Ulijengwa kwanza na Agrippa, mkwe wa kaizari Augustus, mwishoni mwa karne ya 1 KK, ukapanuliwa karibu na mwisho wa karne ya 2 BK, na viti vyake vimekarabatiwa katika nyakati zetu kiasi kwamba bado hutumika kwa maonyesho wakati wa kiangazi. Panda hadi safu ya juu, lakini usitazame jukwaa. Tazama nyuma ya jukwaa, kwenye uwanja wa mraba wenye hekalu dogo katikati na misonobari pembeni. Huo ndio Uwanja wa Mashirika, na kwangu ndio moyo wa ziara yote.

Kuuzunguka uwanja huo kulikuwa na vyumba vipatavyo 60, kila kimoja kikiwa kama ofisi au alama ya wafanyabiashara fulani, na mbele yake sakafu ya mozaiki ya vijiwe vyeusi na vyeupe, iliyomtambulisha mwenye chumba. Shuka ukazunguke pole pole. Wenye merikebu wa Carthage, katika Tunisia ya leo, wameandika jina lao. Wapo wa Narbonne ya Ufaransa na wa Cagliari ya Sardinia. Watu wa Sabratha, katika pwani ya Libya, hawakuhitaji maneno mengi: waliweka tembo. Kuna merikebu zenye matanga, kuna mnara wa taa ya bandari, kuna pomboo, kuna vibaba vya kupimia ngano. Wataalamu bado wanabishana kama vyumba hivi vilikuwa ofisi za kufanyia biashara au kumbukumbu za heshima tu, na ubishi huo haupunguzi raha ya kusoma sakafu kana kwamba ni mabango ya matangazo. Niliuzunguka uwanja mara mbili, na mara zote mbili nilirudi kwa tembo. Nilikuwa nimekwisha kusoma kwamba Roma ilikula ngano ya Afrika, lakini nilikuwa sijawahi kuliona dai hilo likiwa limewekwa sahihi na Waafrika wenyewe. Nenda alasiri, jua likiwa limelala kidogo, kwa sababu mchana kweupe vijiwe vyeusi na vyeupe hung'aa pamoja, na mchoro hupotea.

Jirani na hapo, hamamu ya Neptune ina mozaiki kubwa ya mungu wa bahari akivutwa na farasi-samaki wanne. Hutazamwa kutoka kwenye jukwaa la juu, na macho yanatosha kuieleza. Nyuma yake ni kambi ya askari wa kuzima moto, ambao katika mji uliojaa maghala ya nafaka hawakuwa anasa. Mwisho kabisa, ukishatoka Porta Romana, utapita kati ya makaburi yaliyojipanga kandokando ya barabara, kwa sababu sheria ya Warumi ilikataza kuzika ndani ya mji. Asubuhi uliyapita kwa haraka, sasa yatazame.

Kasoro zipo. Barabara kuu imetandazwa mawe makubwa ya basalti yenye mabonde na mianya, na kwa anayetumia kiti cha magurudumu, anayesukuma kigari cha mtoto au mwenye magoti mabovu, njia ile ni adhabu. Viatu vya soli nene si pambo. Kivuli kipo penye misonobari tu, na kati ya Forum na Porta Marina ni haba. Mabomba ya maji ya kunywa yapo, hivyo chupa moja ya kujaza inatosha. Chakula mimi nilibeba. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya mji ilifukuliwa kwa haraka kati ya 1938 na 1942 chini ya mwanaakiolojia Guido Calza, serikali ya dikteta Mussolini ikitaka yote yawe tayari kwa maonyesho ya dunia ya 1942 ambayo vita viliyazuia, tabaka za karne za mwisho ziliondolewa bila kuandikwa inavyostahili. Unachokiona ni zaidi Ostia ya karne ya 2, iliyosafishwa. Ni vyema kulijua hilo usije ukadhani kwamba mji ulisimama siku moja kisha ukaganda.

Ukitoka, usikimbilie treni kabla ya kuingia katika kijiji chenye kuta kilicho ng'ambo ya barabara, kando ya ngome iliyojengwa na kardinali aliyekuja kuwa Papa Julius II. Katika kanisa la Sant'Aurea kimehifadhiwa kipande cha jiwe la kaburi la Monica, mama wa Mtakatifu Augustine, mwanatheolojia wa Kikristo kutoka Afrika ya Kaskazini. Monica alifariki Ostia mwaka 387 wakati yeye na mwanawe walipokuwa wakingoja merikebu ya kuwarudisha Afrika. Kipande hicho kiliibuka mwaka 1945 vijana walipokuwa wakichimba karibu na kanisa. Kukiona hakukuchukui dakika 10.

Bandari ya Claudius na Trajan kule Portus, pamoja na makaburi ya Isola Sacra, nimeyaacha nje ya tathmini hii kwa makusudi. Yako upande wa pili wa mto, yana siku zake za kufunguliwa, na anayejaribu kuyabana katika siku moja na Ostia atarudia kosa langu la Julai.